Saruji, Koki na Mtoto Asiyelia

Maji ya mgao kwetu Ipagala huja usiku. Mwenye nyumba hujua yamefika kwa mlio wa hewa inayosukumwa kwenye bomba kabla ya tone la kwanza kuingia kwenye tanki. Aliyesikia anaamka, anafungua koki ya kupandishia, anatega simu imwamshe, kisha anarudi kufunga. Ni kazi ndogo, lakini inafanywa na watu wenye usingizi, gizani, na kila mmoja akiamini ni zamu ya mwenzake.

Nyumba ninayoisimulia ni ya mdogo wangu wa kiume. Ninaishi humo tangu nilipofiwa na mume wangu, na watoto wake ndio wanaoniita shangazi kutwa nzima. Mdogo wangu ni mtumishi wa umma. Aliletwa Dodoma na wizara yake baada ya Rais Magufuli kutangaza mwaka 2016 kwamba uamuzi wa TANU wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu huku sasa utatekelezwa. Watumishi walikuja kwa makundi, wakaanza kwa kupanga, kisha wakanunua viwanja. Ndiyo maana ukipita Ipagala leo unakuta nyumba mpya zimechanganyika na maboma yasiyo na bati, mchanga umemwagwa kando ya njia, na kila familia ina rundo la kitu fulani linalosubiri fedha ya kununulia kitu kingine.

Rundo letu lilikuwa saruji, mifuko 40. Nusu ilitokana na mkopo wa mdogo wangu kazini, nusu ikatoka kwenye kikoba cha wifi yangu, fedha aliyoiweka wiki baada ya wiki huku akijinyima hata kitenge cha sikukuu. Ilipangwa stoo, nyuma ya nyumba, juu ya mbao mbili nyembamba. Na stoo yenyewe iko chini kabisa ya mnara wa tanki.

Ilikuwa Julai, msimu wa ule upepo wa Dodoma unaopiga mabati usiku kucha na kuleta baridi ambayo wageni wa kutoka pwani hawaiamini mpaka waikute. Wifi yangu alisikia maji, akaamka, akafungua koki. Aliporudi kitandani akamwambia mumewe, "Nimefungua, utafunga wewe." Mumewe akajibu, "Mmh." Hilo "mmh" baadaye lilifanyiwa kesi nzima: mmoja alisema lilikuwa la kukubali, mwingine alisema lilikuwa la usingizi. Tanki lilijaa, likafurika, maji yakateremka ukutani na kuingia stoo. Kwa kelele za upepo hakuna aliyesikia. Ilipokaribia alfajiri yalikuwa yameshapita chini ya mlango wa uani na kuingia koridoni.

Saruji ikishakunywa maji haina msamaha. Kufikia mchana mistari ya chini ya mifuko ilikuwa mawe yenye umbo la mfuko, mikunjo ya karatasi imejichora juu yake. Fundi alikuja akagonga mmoja kwa mpini wa nyundo, akasikiliza ule mlio, akaondoka bila kusema neno.

Lakini ugomvi haukusubiri mchana. Ulianza palepale koridoni, miguu ikiwa majini. Ulianzia kwenye koki, ukahamia kwenye kikoba, ukapita kwa ndugu wa mume waliokopeshwa hawajarudisha, ukafika kwenye simu inayopigwa usiku na kupokelewa nje. Mdogo wangu alipiga ndoo teke. Wifi yangu akatupa mfuniko wa sufuria ukutani. Hakuna aliyemgusa mwenzake, na hilo lina uzito wake, nitalirudia. Lakini sauti zilikuwa zile ambazo jirani anazisikia akajifanya amelala.

Watoto wakatoka chumbani. Ni mapacha wa miaka 6, wavulana wawili wasiofanana sura wala tabia, na kama ilivyo desturi wanaitwa Kulwa na Doto. Doto alitoka akipiga mayowe. Alimkimbilia baba yake, akamkumbatia mguu, na aliposukumwa kando akamng'ata paja. Mama yake akamvuta, akampiga kofi, kisha akambeba huku anambembeleza, yote kwa mkono mmoja. Kwa dakika kadhaa nyumba nzima ilikuwa inamshughulikia Doto.

Kulwa hakulia. Alisimama mlangoni akayatazama yale maji, kisha akainama akaanza kuokota viatu. Alikiokota kimoja kimoja, akakifuta kwa fulana aliyovaa, akakipanga juu ya benchi: makobazi ya mama, viatu vya kazi vya baba, ndala zangu, raba zao za shule. Alipomaliza aligundua ndala za baba zimegeuziana, ya kulia iko kushoto. Akaishusha safu nzima, akaanza upya. Nilimwita. Hakugeuka. Nilipomshika bega nilihisi misuli imekaza mpaka shingoni, na mapigo ya moyo wake yalikuwa yanakwenda mbio kama ya mtoto aliyetoka kukimbizana.

Katikati ya maneno yale mama yake alimwona, akamwambia mumewe, "Mtazame mtoto. Ana akili kuliko wewe." Alimaanisha kumsifu. Lakini sifa hiyo ilikuwa jiwe la kumpigia mtu mwingine, na mtoto aliyeokotwa kuwa jiwe analijua hilo hata kama hawezi kulisema.

Baada ya usiku ule likaja jambo ambalo naliona ni baya kuliko kelele zenyewe. Wakanuniana. Watu wawili wanaishi nyumba moja, wanakula sufuria moja, lakini hawasemezani, na kwa kuwa maisha lazima yaendelee, maneno yakawa yanapitishwa kwa watoto. "Mwambie baba yako chakula kiko mezani." "Mwambie mama yako sili." "Muulize baba yako ada ya gari la shule nimlipe nani." Doto hakufaa kwa kazi hiyo. Ukimtuma anafika nusu ya safari anaanza kucheza, au anaupeleka ujumbe kwa kupaza sauti ukasikika mpaka barabarani. Kwa hiyo alitumwa Kulwa. Kulwa alikuwa mjumbe mwaminifu. Alikuwa hata anayapunguza makali: mama akisema, "Mwambie kama hataki kula aache," yeye alifika sebuleni akasema kwa adabu, "Baba, mama anasema karibu chakula." Mtoto wa miaka 6 alikuwa anatafsiri hasira za watu wazima na kuzigeuza heshima, mara nyingi kwa siku, na hakuna aliyemlipa.

Doto ndiye aliyeleta kesi. Alirudi kutoka shule na barua: amempiga mwenzake, amemtupia mwingine sahani. Usiku alianza kukojoa kitandani, jambo aliloliacha zamani. Wazazi wakashtuka, wakazungumza hata wao kwa wao kwa mara ya kwanza, wakakaa naye na kumuuliza ana nini. Kulwa naye alianza kuumwa tumbo kila asubuhi. Akapelekwa zahanati, akatolewa damu, akapimwa malaria, akapimwa choo kutafuta minyoo, akapimwa mkojo. Akapewa dawa za minyoo, za tahadhari tu. Tumbo likaendelea.

Safari iliyofuata nilimpeleka mimi. Muuguzi aliyetupokea alikuwa mama mtu mzima asiye na haraka. Aliniambia ninyamaze, akamgeukia mtoto. "Baba, tumbo linauma wakati gani?" Kulwa akatazama sakafu. "Wakinituma." Muuguzi akauliza, "Wakikutuma dukani?" Mtoto akatikisa kichwa. "Wakinituma kwa baba."

Nimeandika habari za afya kwa miaka mingi na nimesoma tafiti nyingi juu ya watoto na ugomvi wa wazazi. Sijawahi kuona yote yakisemwa kwa maneno machache namna ile.

Mwili wa mtoto una mtambo wa hatari kama wa mtu mzima. Sehemu ndogo iliyo upande wa chini wa ubongo, haipothalamasi, ikipokea habari kwamba kuna tishio, inaiamsha tezi ya pituitari, nayo inazituma habari kwenye tezi zilizokaa juu ya figo, na hizo zinamwaga homoni iitwayo kotisoli. Kotisoli si sumu. Ndiyo inayotusaidia kuamka asubuhi. Kwa kawaida hupanda kileleni muda mfupi baada ya kuamka, kisha hushuka taratibu mpaka usiku. Hatari ikitokea inapanda tena ili sukari ipatikane kwenye damu kwa ajili ya misuli na ubongo. Mambo yasiyo ya dharura yanaahirishwa, na usagaji wa chakula ni mojawapo. Ndiyo maana tumbo la mtoto mwenye hofu linauma kweli. Maumivu yapo, kipimo cha minyoo hakiwezi kuyaona.

Mtaalamu wa anthropolojia wa Marekani, Mark Flinn, alianza mwaka 1988 kufanya jambo lenye subira ya ajabu katika kijiji cha Bwa Mawego, kisiwani Dominica. Yeye na wenzake walikusanya mate ya watoto wa kijiji, tena na tena kwa siku moja, mwaka baada ya mwaka, wakapima kotisoli na kuandika nini kimetokea nyumbani. Kijiji kile ni cha wakulima na wavuvi. Kina vimbunga, kina magonjwa, kina kazi ngumu. Bado kilichopandisha kotisoli za watoto kuliko vingi vingine kilikuwa mambo ya ndani ya familia: ugomvi, adhabu, mzazi kuondoka. Nikiisoma kazi ile huwa naiona Dodoma, maana huku nako watu hufikiri mtoto anatikiswa na njaa na jua tu.

Halafu kuna hili la Kulwa na Doto, waliokaa tumbo moja, wakalala chumba kimoja, wakasikia ugomvi uleule. Mwaka 2011 Patrick Davies na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester walichapisha utafiti juu ya watoto 201 wa umri wa miaka 2, waliotoka katika familia zenye maisha magumu. Waliwagawa kwa hulka: wale wenye haya na tahadhari wakawaita hua, na wale wajasiri wenye kushambulia wakawaita mwewe. Kadiri ugomvi wa wazazi ulivyokuwa mkali, ndivyo kotisoli ya hua ilivyopanda zaidi wanapokutana na jambo la kuwatisha. Kwa mwewe ilikuwa kinyume, mwitikio wao ulififia. Miili miwili ilijifunza somo moja kwa njia mbili tofauti. Mmoja anakaa macho muda wote akisubiri kishindo, mwingine anaacha kushtuka na kuishia kukosa breki. Hakuna aliyetoka bure, na watafiti wenyewe walisema kila njia ina faida zake na gharama zake.

Kwa hiyo anayesema Doto ni mtoto mbaya na Kulwa ni mtoto mzuri hajawaona wote wawili. Sehemu ya hulka ni ya kuzaliwa. Alexander Thomas na Stella Chess, walioanza mwaka 1956 kufuatilia watoto wa New York tangu uchanga, walikuta kuna wachanga wepesi kulea, kuna wagumu, na kuna wanaochelewa kuzoea, na waligundua kwamba matatizo hutokea pale hulka ya mtoto na namna anavyolelewa zinapogongana. Mama yeyote wa Kitanzania aliyelea zaidi ya mtoto mmoja analijua jambo hilo. Tatizo ni kwamba kwetu mtoto asiyesumbua ndiye anayesifiwa. "Huyu mtoto hata humsikii," tunasema, tena kwa fahari, mbele ya wageni. Mimi sifa hiyo inanitia hofu.

Inanitia hofu kwa sababu ya jambo lililotokea jirani zetu, Kenya, miaka ya 1970. Daktari wa magonjwa ya akili, Marten deVries, alikuwa akichunguza hulka za wachanga wa Kimasai wa miezi minne hadi mitano. Aliwapima, akawatenga waliokuwa wepesi kabisa na waliokuwa wasumbufu kabisa: wanaolia sana, wasiobembelezeka. Kisha ukame mkubwa ukawapiga, ng'ombe wakafa, watu wakahama. Aliporudi kuwatafuta wale watoto alizipata familia 13 tu. Kati ya wachanga saba wepesi, watano walikuwa wamekufa. Kati ya sita wasumbufu, alikuwa amekufa mmoja. Alichapisha habari hiyo mwaka 1984. Ni watoto wachache mno kujengea kanuni ya dunia nzima, na yapo mambo mengine yanayoweza kuwa yalichangia. Lakini maelezo aliyoyatoa hayahitaji darubini: anayelia ananyonyeshwa. Wakati maziwa ni haba, mama aliyechoka humpa titi yule anayedai.

Nyumba yenye ugomvi nayo ina ukame wake. Wazazi wamechoka, macho yamewatoka kwa hasira, na kilichobaki cha uangalifu ni kidogo. Atakipata nani? Atakipata Doto, aliyeng'ata paja la baba yake. Kulwa ataendelea kupanga viatu.

Nilirudi nyumbani na ushauri wa muuguzi: kwanza mtoto aache kutumwa kati ya wazazi, pili, wazazi wakaonane na afisa ustawi wa jamii, na ikibidi mtoto aonwe na mtaalamu wa saikolojia. Niliyasema yote mezani. Mdogo wangu aliweka kijiko chini. "Dada, unataka mwanangu nimpeleke Mirembe kwa sababu ya tumbo?"

Hapa Dodoma sentensi hiyo ni ya kawaida, nami inaniumiza kila ninapoisikia. Mirembe ni hospitali ya afya ya akili iliyoanzishwa mwaka 1927. Imetibu watu wa nchi hii kwa takriban karne moja, na malipo yake ni jina lake kugeuzwa kuwa tusi. Kwa kuliogopa jina hilo familia zinaficha watoto wenye usiku mbaya, watoto walioacha kuongea, watoto wanaotapika kila Jumatatu, na kuwapa dawa za minyoo badala ya msaada. Nilimjibu mdogo wangu kwamba hakuna aliyemtaja mgonjwa wa akili. Kuna mtoto aliyebebeshwa mzigo usio wake. Akasema jingine ambalo wazazi wengi husema: "Hata hivyo siku hizi tukigombana ni usiku tu, wakiwa wamelala."

Wakiwa wamelala. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, huko Oregon, Marekani, Alice Graham na wenzake walichukua wachanga 20 wa kati ya miezi sita na kumi na miwili, wakasubiri walale, wakawaingiza katika mashine inayopiga picha za ubongo unavyofanya kazi, na kuwasikilizisha sauti ya mtu anayetamka maneno yasiyo na maana kwa hasira. Wachanga waliotoka nyumba zenye ugomvi mwingi, ubongo wao uliwaka zaidi kwa sauti ya hasira katika sehemu zinazohusika na hofu na utulivu, ile haipothalamasi ikiwemo. Walikuwa usingizini. Hawakuwa wamejifunza kuongea bado. Na katika nyumba zetu nyingi ukuta kati ya chumba cha wazazi na cha watoto ni wa tofali moja na haufiki darini.

Aliyetutoa hapo hakuwa mtaalamu wa chuo. Alikuwa mama mzazi wa wifi yangu, bibi wa mapacha, Mgogo wa Mvumi, aliyekuja na karanga na mlenda mkavu kwenye mfuko kama afanyavyo kila akija. Aliingia na salamu yake ya Kigogo, "Mbukwenyi", akasalimiwa na kila mtu, akaketi. Haikupita jioni akamwona Kulwa akitoka jikoni kwenda sebuleni kusema, "Baba, mama anauliza kesho utaacha hela ya mboga?" Bibi akamwita, akampakata. Akakaa naye hivyo kimya mpaka chakula kikaliwa. Kisha akaagiza viti vitolewe uani, wote, na vya watoto pia.

Mkwe hapazi sauti mbele ya mama mkwe, hilo lilisaidia. Mdogo wangu alitaka watoto waondolewe kwanza, kwa kuwa kwetu maneno ya wakubwa ni ya wakubwa. Bibi akakataa. "Mligombana mbele yao, mtapatana mbele yao. Mnafikiri wao wanajua kwamba yameisha? Nani aliwaambia?"

Naliona hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika kisa hiki, na linapingana na tulivyolelewa wengi wetu. Sisi hugombana sebuleni na kupatana chumbani. Mtoto anaona moto, haoni maji. Asubuhi anawakuta wazazi wanacheka, wala hajui ni kicheko cha kweli au ni utulivu kabla ya kishindo kingine, kwa hiyo mwili wake unaendelea kulinda zamu. Mark Cummings, mwanasaikolojia aliyefanya kazi miaka mingi na huyo Davies wa Rochester, aliwaonyesha watoto watu wazima wanaogombana, mara nyingine wakipatana na mara nyingine wakiachana hivihivi. Suluhu ya kweli ilipoonekana, fadhaa ya watoto ilipungua sana. Hata pale watu walipopatana faraghani kisha wakaja kumweleza mtoto kwa maneno machache kwamba wamemaliza, ilisaidia. Kimya cha kununiana hakikuwasaidia. Watoto walikihesabu kuwa ugomvi unaoendelea. Mwaka 1994 Davies na Cummings waliliweka hilo katika nadharia yao: kinachomtikisa mtoto hasa ni swali la kama nyumba yake itasimama.

Uani pale mambo hayakwenda kama kwenye vitabu. Mdogo wangu alianza kwa kujitetea, wifi yangu akamkatiza, ikabidi bibi agonge fimbo yake chini. Lakini mwishowe mdogo wangu alisema kwamba koki ilikuwa zamu yake. Wifi akasema alitoa maneno mabaya juu ya ndugu za mumewe na hakuyamaanisha yote. Neno "yote" lilinigusa kwa ukweli wake. Kisha mdogo wangu akamgeukia Kulwa, na ilionekana wazi ni kazi ngumu kwake kuliko kuongea na mkewe. "Mimi na mama tutasemezana wenyewe. Wewe hutatumwa tena. Saruji haikuharibika kwa sababu yako."

Kulwa akauliza, "Na Doto?"

"Wala Doto."

Doto akaanza kulia, bila sababu tuliyoijua, na safari hii Kulwa akalia naye. Bibi akawaacha walie mpaka wamalize.

Narudi kwenye lile nililoliahidi. Haya yote yanawezekana pale ambapo hakuna anayempiga mwenzake. Penye kipigo sishauri viti vitolewe uani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda mtoto dhidi ya ukatili. Dawati la jinsia na watoto lipo polisi, na namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto inapigwa bure. Mtoto anayemwona mama yake akipigwa hahitaji kuonyeshwa suluhu. Anahitaji kipigo kikome na awe mahali salama. Nimesikia wazee wakiwarudisha wanawake kwenye nyumba za namna hiyo "kwa ajili ya watoto". Ni kwa ajili ya watoto hao hao ningewasihi wasiwarudishe.

Sisi tumeendelea. Saruji iliyosalimika ilitosha kupandisha ukuta wa upande mmoja wa boma letu, mkopo wa kazini unalipwa na wote wawili, na koki imefungwa boya linalozima lenyewe tanki likijaa, kitu kilichogharimu kidogo mno ukilinganisha na mifuko ile. Doto bado anapiga watu, ila amepunguza. Shuleni mwalimu wake amemkabidhi kazi ya kubeba mpira na kugawa madaftari, na nguvu zake zimepata pa kwenda. Tumbo la Kulwa limetulia siku nyingi, halijatulia siku zote. Bado anapanga viatu. Mimi humsogelea na kukaa karibu naye bila kumsifu, nikamuuliza habari za shule, na mara nyingine anaviacha nusu.

Mvua za kwanza za Desemba zilipokuja, boma likaingia maji na nondo zikapata kutu, na wazazi wakakwaruzana tena, safari hii kwa sauti ya kawaida. Jioni yake wifi yangu alikuwa jikoni anasonga ugali, mumewe yuko uani. Mazoea yana nguvu. Akamwita Kulwa bila kufikiri. "Kulwa, kamwambie baba yako chakula tayari."

Kulwa alikuwa sakafuni na Doto, wanagombania kigari cha kopo. Hakuinua kichwa. "Mwambie mwenyewe."

Mwiko ulisimama sufuriani. Katika malezi yetu hilo ni jibu la utovu wa adabu, na nilimwona wifi yangu akivuta pumzi ya kumkaripia mtoto ambaye hajawahi kumjibu hata siku moja. Nikauchukua mwiko mkononi mwake.

"Adabu tutamfundisha kesho, wifi. Leo nenda kamwambie."